Rika la Tatu

Kibanda cha Mama mtaani Tuwan ulikinusa kabla hujakiona. Kila asubuhi aliweka kichwa cha ng'ombe na kwato juu ya moto wa kuni, akaunguza manyoya mpaka yakawa masizi, kisha akayakwangua kwa kisu butu huku akikohoa. Moshi ule ulipita juu ya mabati, ukaingia kwenye nguo tulizoanika, kwenye blanketi, kwenye nywele zetu. Darasani waliniita Kwato. Aliyeniita hivyo mara moja nilimwonya, aliyerudia nilimpiga, na mwalimu aliponichapa kwa kumpiga sikulia, maana nilikuwa binti wa baba yangu na kwetu ngumi ilikuwa jibu kama majibu mengine. Kufikia saa sita mchana harufu ile ilikuwa imegeuka. Sufuria kubwa lilitokota tangawizi na pilipili, mafuta yakaelea juu, na wanaume wa Kitale wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine kwa njaa, wengine kwa kumsikiliza Baba, na wengi kwa kumpinga.

Baba alikuwa dereva wa trekta. Msimu wa kulima alipotelea mashambani, akarudi na vumbi jekundu ndani ya masikio. Lakini mahindi yakishavunwa, mpaka mvua za kwanza zinyeshe, hakuwa na kazi, na hapo ndipo mdomo wake ulipoajiriwa. Alikaa kwenye benchi la Mama na redio yake ndogo, akasoma kila kipande cha gazeti kilichonunuliwa cha kufungia nyama, hata kilicholowa damu. Alipenda mambo ambayo mtu akiyasikia anasema haiwezekani. Kwamba twiga, na shingo ile yote, ana mifupa saba tu ya shingo, sawa na wewe na mimi. Kwamba ndovu wa Mlima Elgon huingia mapangoni penye giza totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, wakabomoa mwamba kwa pembe ili warambe chumvi. Kwamba vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Zanzibar, pale Waingereza walipolipiga jumba la sultani kwa mizinga, na saa moja haikutimia kabla ya kila kitu kwisha, huku mamia ya watu wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Na kwamba zile ngumi za filamu za kareti zinazolia sana si ngumi hata kidogo, bali kuna mtu studioni anapiga kipande cha nyama, au kabichi.

Hili la kabichi liliwaudhi vijana wa Tuwan kuliko tusi la mama. Siku hizo hakuna aliyekuwa na mahali pa kuhakikisha neno. Kitabu hakikuwepo, mwalimu naye alikuwa na mambo yake, kwa hiyo ukweli ulikuwa wa yule aliyebaki amesimama. Nimeona mtu akimwagiwa supu ya moto usoni kwa sababu ya twiga. Nimeona kijana mmoja mrefu aitwaye Wekesa, mteja wetu wa kila siku, akivunjiwa benchi mgongoni kwa kusema ndovu hawezi kuingia pangoni, na kesho yake akarudi, akanywa supu, akasema bado hawezi. Mama alikuwa anasema, "Nyinyi mtauana kwa mambo ya watu hata hamwajui." Walicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimekaa juu ya mtungi wa maji uliofunikwa, na niligundua mapema kwamba Baba alikuwa amesema kweli juu ya sinema: ngumi halisi haina mlio wa maana. Hutoa sauti ndogo ya kijinga, kama viazi vikiangukia gunia.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Ndiema. Huyu alikuwa Msabaoti wa mlimani, mtu mfupi mwenye mabega ya fahali, na ndiye aliyemletea Mama vichwa kutoka machinjioni, vimefungwa nyuma ya baiskeli yake vikidondosha damu njia nzima, mbwa wakimfuata. Akishavishusha alikaa, akapewa supu, na kabla hajameza mara ya pili alikuwa ameshamwambia Baba, "Hiyo ni urongo, bana." Walipigana mara nyingi mpaka tuliacha kuwaamulia. Wahenga walisema ndugu wakipigana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na Mama alifanya hivyo hasa: wao walipokuwa wakikabana koo nyuma ya kibanda, yeye aliendelea kuosha mabakuli. Ndiema ndiye aliyembeba Baba mgongoni mpaka hospitali trekta lilipomlalia mguu. Njia nzima, Baba alisimulia baadaye, walibishana ni mfupa gani umevunjika.

Ubishi wao mkubwa ulihusu majina ya rika. Sisi Wabukusu, mwanamume akitahiriwa anaingia katika rika, na rika ziko nane, zinazunguka kama gurudumu, ya mwisho ikiisha mnarudi kwenye ya kwanza: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Waliotahiriwa pamoja ni bakoki, na mukoki wako ni mtu ambaye damu yake huwezi kuimwaga wala kuiacha imwagwe mbele yako. Sasa, jambo ambalo watu wengi hawalijui mpaka leo, hata waliosoma, ni kwamba watu wa mlimani, ambao lugha yao na yetu hazielewani hata kwa salamu, nao wana rika nane zinazozunguka, na karibu majina yote ni yale yale. Maina ni Maina. Chuma kwao ni Chumo. Linalotofautiana kabisa ni moja tu, la tatu. Sisi tunasema Kananachi, wao wanasema Kaplelach.

Kwa Ndiema hili lilikuwa ushahidi. "Mliiba kwetu," alisema, "halafu moja mkasahau, mkajitungia lenu." Baba akasema wao ndio walioiba, na la tatu likawashinda kutamka. Nakumbuka mchana huo kwa sababu supu ilikuwa imepoa na hakuna aliyeinywa. Ndiema alisema zamani hata wazee wa Kibukusu waliita rika hilo Kaplelach. Baba alisimama, akasema hata akifa na kuoza hatakubali neno hilo, na Ndiema akampiga ngumi moja tu, ikamtoa jino la mbele. Wekesa ndiye aliyeliokota kwenye majivu, akampa Baba mkononi. Baba alitema damu, akalitazama lile jino, akasema, "Bado ni Kananachi." Jioni walikuwa wamekaa benchi moja.

Kisha ukaja msimu ule. Mahindi yalikuwa yamevunwa, siasa zimechemka, na watu wakaanza kuulizana maswali ambayo hayakuwa ya ubishi: huyu ni wa wapi, shamba lile babu yake alilipataje. Huko mashambani usiku nyumba ziliwaka, za kwetu leo, za wenzetu wa mlimani kesho. Asubuhi moja mama mdogo Nafula, ndugu wa Mama, alifika Tuwan kutoka Kachibora akiwa na kanga moja na kiatu kimoja. Mumewe alikuwa amepigwa mshale mbele ya ghala la mahindi, na ghala likachomwa yeye akiwa amelala pale mlangoni, na Nafula alijaribu kumvuta mpaka nywele zake mwenyewe zikashika moto. Alipoinama kunikumbatia nilinusa manyoya yaliyoungua. Ilikuwa harufu ile ile ya nyumbani, ya kila siku, na nilitapika palepale miguuni pake. Tangu siku hiyo alikaa kando ya sufuria la Mama, akakoroga supu bila kusema. Alikuwa mwanamke mcheshi. Kule Kachibora watu walikuwa wakimwita redio. Sasa ungemsikia akinena tu Ndiema alipopita: "Na huyu bado anakula kwenu."

Ndiema aliendelea kuja. Mama alimsihi akae nyumbani, akamwambia tutanunua maharagwe mpaka mambo yatulie. Yeye alijibu kwamba kichwa cha ng'ombe hakijui siasa, kikilala siku mbili kinaoza. Wateja walimpisha kwenye benchi, si kwa heshima. Wekesa hakubishana tena habari za ndovu. Alianza kuvaa koti refu wakati wa jua kali, na chini yake tuliona ncha ya panga, na nyuma yake wakafuata vijana wengine ambao siku zote walikuwa wakiosha magari na kupiga porojo. Nyumba ya mshona viatu, jirani wa Ndiema, ilivunjwa mlango mchana kweupe, na mshona viatu akatolewa akivutwa kwa miguu huku kichwa kikigonga ngazi. Nililiona hilo kupitia upenyo wa mabati. Mama alinifunika macho akiwa amechelewa.

Siku waliyomjia Ndiema kulikuwa na jua la kupasua mawe. Alikuwa ameshusha kichwa, mikono yake ina damu mpaka viwikoni, ameketi kando ya Baba. Wakazunguka kibanda. Walikuwa wengi kuliko mabakuli yetu. Wekesa aliingia ndani peke yake, na nilishangaa alivyosalimia kwa adabu.

"Mzee, shikamoo. Tumekuja kuchukua huyu. Wewe kaa tu."

Baba hakuinuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza, kando ya bakuli. "Huyu ni mukoki wangu," alisema.

Waliokuwa nje walicheka. "Mukoki wako aje, na ni wa mlimani?"

"Alitahiriwa kwetu Bungoma. Tulipakwa tope moja, mto mmoja, asubuhi moja. Ukimkata, umenikata mimi."

Ilikuwa uongo mtupu. Kila mtu pale kibandani alijua ubishi wao, lakini hakuna aliyejua Ndiema alitahiriwa wapi, maana hilo si jambo la kuuliza mtu mzima. Wekesa alimtazama Baba, akamtazama Ndiema. Kisha akatoa panga, akaliweka begani.

"Sawa. Kama ni wetu, ataje rika zetu. Zote, vile tunazitaja sisi."

Nilimtazama Ndiema. Alizijua. Miaka yote alikuwa amezitaja kwa kejeli, kwa sauti ya Baba, akimwiga, mpaka sisi watoto tukazijua kupitia mdomo wake. Lakini hofu humrudisha mtu kwenye ziwa alilonyonya. Alisema Kolongolo. Alisema Kikwameti. Halafu, huku jasho likimdondoka puani, akasema Kaplelach, akasikia alichosema, akanyamaza.

Supu ilitokota. Wekesa alikunja uso kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu, kwa sababu hawa vijana waliokuwa tayari kuua kwa ajili ya ukoo wao hawakuwa na hakika na majina yake. Alimgeukia mtu wa pekee ambaye angejua.

"Mzee, hilo la tatu ni kweri? Si ni hilo ndio ulipigania mpaka ukatolewa jino? Mimi mwenyewe nililiokota. Ulisema ni urongo."

Ningependa wasomaji wangu waelewe Baba alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwahi kukubali kushindwa hata na Mama, hata na daktari. Alikuwa amesema hadharani kwamba akifa na kuoza hatakubali neno lile. Na ni kwa sababu hiyo tu neno lake lilikuwa na uzito siku ile. Angekuwa mtu wa kugeuka-geuka, Wekesa asingehangaika kumuuliza.

"Nilisema," Baba alijibu. "Na nilikuwa nimekosea. Wazee wetu wa zamani waliita Kaplelach. Kananachi lilikuja baadaye. Huyu amelisema vile lilivyokuwa. Ningekuwa na adabu ningemwambia siku ile ile."

Wekesa hakuridhika. Macho yake yalitembea kibandani, yakatua kwa mama mdogo Nafula kando ya sufuria. Alijua yaliyompata, alikuwa amechanga kwa ajili ya matanga ya mumewe. "Na wewe mama? Bwana yako hakuwa anazitaja? Ni kweri?"

Mumewe alizitaja. Alizitaja kila alipolewa, kwa wimbo, na Nafula alikuwa akituimbia sisi watoto ili tucheke. Neno moja tu lilihitajika, na ulimi hauna mfupa. Niliona mwiko ukisimama. Niliona kovu la moto likitetemeka kando ya sikio lake. Alimtazama Ndiema muda mrefu, kwa chuki ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, kisha akaanza kukoroga.

"Hayo ni mambo ya wanaume," alisema. "Mimi nitayajulia wapi?"

Wekesa alikuwa ameahidi damu kwa wale waliosimama nje, na alijua hawataondoka mikono mitupu. Alilishusha panga mezani pale mkono wa Baba ulipokuwa. Panga lilitoa sauti ndogo. Bakuli ndilo lililolia, likianguka. Vidole viwili vya Baba vilibaki kando ya chumvi, na kwa muda mfupi nilidhani ni vipande vya nyama tulivyosahau kutia. "Hiyo ni ya kutuchelewesha," Wekesa alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Wakaliangusha sufuria, supu ikamwagikia miguu ya Mama mpaka ngozi ikababuka, wakavunja mabati, wakamburuta Ndiema nje na kumpiga marungu ya mgongo na mbavu njia yote hadi barabarani. Lakini hawakumkata. Mukoki wa mtu hakatwi. Alikwenda akitambaa, kisha akitembea, na hatukumwona tena kwa miaka mingi.

Baada ya hapo tulihamia Bungoma, kwa wazee wa Baba. Mama aliuza maharagwe, hakuchoma kichwa tena. Nafula alizeeka nasi, na sikumsikia hata siku moja akisema alijuta au hakujuta. Baba aliendesha trekta kwa vidole vitatu na akaendelea kubishana na watu wa huko, lakini hakurusha tena ngumi. Alisema mkono haushiki vizuri.

Nilikuwa nimeshaolewa siku Ndiema alipotokea, mzee, mbavu zake zimeungana vibaya, amebeba kichwa cha ng'ombe ndani ya gunia. Nilitarajia machozi. Aliketi, akapewa chai, akanywa mara moja, akasema, "Lakini ulikubali. Mbele ya mashahidi, ulikubali ni Kaplelach." Mama aliweka mikono kichwani. Nilimtazama Baba, nikangoja alipuke, kwa kuwa hatari ilikuwa imepita zamani na neno lake alikuwa na haki ya kulichukua tena. Alitabasamu, pengo likaonekana. "Nilikubali," alisema. Kila mwaka Ndiema alikuja, na kila mwaka alimkumbusha, na kila mwaka Baba alikubali. Wahenga husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hapo walikosea, na ningekuwa na ngumi za zamani ningewapigania hilo.

Siku hizi ubishi hauna maisha. Wanangu wakiulizana habari za twiga, mmoja anatoa simu, na mambo yamekwisha kabla chai haijapoa. Nilitazama ndani ya simu hiyo nikamwona ndovu pangoni, akichimba chumvi kama Baba alivyosema, nikafurahi mpaka nikalia. Lakini uchaguzi ukikaribia, simu hiyo hiyo huniletea jumbe za watu wasio na majina, zinazouliza huyu ni wa wapi na babu yake alilipataje shamba. Hakuna anayetoka jasho akiziandika. Hakuna anayelazimika kurudi kesho kukaa benchi moja na aliyemtukana. Sitamani zile damu za Tuwan, Mungu apishe mbali. Natamani tu lile benchi.

Tulimzika Baba mwaka jana, hapa Bungoma. Wazee walipowaita bakoki zake waseme neno, waliinuka wawili waliobaki hai, na wa tatu aliyeinuka alikuwa Ndiema, akiegemea fimbo. Watu walinong'ona. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole yeye ni nani kwa marehemu. "Mukoki," alisema. "Yeye mwenyewe alisema, akalipa." Kisha, mbele ya wazee waliozijua kuliko yeye, akaanza kuzitaja rika zetu, polepole, mkono wake juu ya jeneza. Kolongolo. Kikwameti. Hapo alisimama. Mama alinishika mkono. Mama mdogo Nafula, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, alikiinua.

"Kananachi," Ndiema alisema.

Akaendelea mpaka ya mwisho, sauti ikimkatika. Mwanangu wa kwanza, aliyeketi nyuma yangu, alikuwa tayari ameshatoa simu. "Mama," alininong'oneza, "nimepata hapa wanaeleza ni nani aliiga kwa mwenzake." Niliichukua simu ile kabla hajasoma, nikaizima, nikaitia kwenye mkoba.